Daktari Asipoona, Aache

Tarehe 9 Februari

Nyenje, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu hizi zinatoka mdomoni mwangu, lakini mkono ni wa jirani yangu, Fundi Cherehani. Mimi na kalamu hatukuwahi kutambulishwa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinishonee marinda. Amecheka, na nimemwambia aandike kwamba amecheka.

Nyumbani tupo, tunasukuma siku. Mjomba wako bado anasema ataoa, na bado hakuna aliyemwona huyo bibi harusi. Nimeanza kudhani anaoa upepo. Paa la jikoni limezibwa. Yule jogoo aliyekufukuza ulipokuja mara ya mwisho amekufa kwa uzee. Tulimtupa. Hata mbwa wa jirani alimnusa akaenda zake.

Unauliza kwa nini sitaki simu. Pua imeziba pande zote mbili, mama. Nikisema "mama" inatoka "baba". Juzi ulipopiga ulidhani unaongea na mjomba wako, ukaniuliza habari za mchumba, nami nikakujibu hajambo. Barua haina pua.

Sasa neno lenyewe. Nilikwenda zahanati kama ulivyonisumbua. Tabibu akanimulika puani na tochi, akaguna. Nimezaa mara tano, najua mguno wa mganga. Akasema kuna vinyama vimeota ndani, laini kama zabibu zilizomenywa, vimejaza kulia na kushoto, na vya kushoto vinasukuma kuelekea jicho. Akasema nipasuliwe. Akaandika karatasi niletwe hospitali yenu huko.

Nimekataa.

Usinitolee macho. Unasahau nilikuwa dobi wa hospitali kabla mama yako hajajua kuvaa kiatu. Mimi oparesheni naijua kwa mashuka yake. Sikumwona mgonjwa akiingia wala akitoka. Mimi nililetewa kapu. Nililoweka kwenye maji baridi nikasugua, na kila shuka nilijiuliza: huyu naye alibaki na nini mwilini? Hakuna aliyewahi kuja kule kwenye karo kuniambia, "Yule wa jana kaenda kwao mzima." Kwa hiyo kwangu mimi wote walikufa.

Halafu kwenye barua yako ya mwezi uliopita ukajisifu kwamba mnalinganisha dawa mbili za kumsaidia daktari wa pua aone vizuri, na kwamba bado hamjui ipi bora. Nyenje! Umesoma mpaka tukasahau sura yako, na mwisho wake ndio kutojua? Mimi si kitambaa, mtu anishike huku na huku aone rangi gani inatoka. Sitaki kulinganishiwa.

Jicho halina shida yoyote. Msalimie mkwe wangu, mbusu mtoto shingoni.

Bibi yako

Mimi Fundi naongeza la kwangu, yeye kaenda uani. Jana alinimiminia chai pembeni ya kikombe, ikanichoma paja, akanilaumu mimi kwamba nimesogeza kikombe. Kikombe hakikusogea, dada.


Tarehe 27 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mume wangu anakuamkia. Mtoto ameota meno mawili na anayatumia vibaya. Mimi ndiye ninayejua. Mpe Fundi salamu zangu, na umwambie mjomba kwamba huyo mchumba akipatikana nitaleta zawadi mwenyewe.

Bibi, nikueleze kazi ilivyo, maana nadhani nilieleza vibaya. Daktari wa pua hakati uso. Anapita kwenye tundu za pua na mrija mwembamba kuliko kalamu, mbele una taa na kamera, na kila kitu anakiangalia kwenye skrini. Huko ndani kuna vyumba vidogo kwenye mifupa ya uso, na ukuta kati ya chumba kimoja na jicho ni mwembamba kama ganda la yai. Adui yake ni damu. Si damu nyingi kama ya mashuka yako, ni tone. Tone moja likitua kwenye kamera, skrini yote inakuwa nyekundu, na yuko jirani na ganda la yai huku haoni.

Ndiyo maana ya zile dawa. Ya kwanza inautuliza moyo upige polepole na kuteremsha presha, damu isisukumwe sana. Ya pili haigusi moyo. Inaisaidia damu kuganda pale inapovuja. Zote zinatumika hospitali nyingi. Sisi tunataka kujua ipi inampa daktari skrini safi zaidi. Sindano zinafanana, yeye haambiwi ni ipi, mgonjwa haambiwi. Mwishoni anatoa maksi za jinsi alivyoona. Mimi ndiye niliyekuwa nachanganya, chumba cha pembeni.

Siku hizi niko chumba cha kuzindukia, wanapoamkia wagonjwa. Kazi nyepesi, nafurahi.

Nina ombi moja. Funika jicho la kulia kwa kiganja, uangalie mlango. Halafu uniambie ukweli.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Aprili

Nyenje,

Hatujambo, na wewe usiwe na jambo. Mjomba wako kanunua viatu vyeupe. Mtu anayenunua viatu vyeupe mahali penye tope hili ama ana mchumba kweli ama kachanganyikiwa, tunasubiri kuona.

Barua yako ilifika zamani. Nilimwambia Fundi asiifungue. Nikaiweka chini ya sahani ya chumvi, na kila nikichukua chumvi naiona. Wiki ikaenda, nyingine ikaja. Fundi akasema, "Mama, hii barua haiivi, tusome." Basi tukasoma. Alipofika kwenye ganda la yai nikamwambia arudie. Akarudia.

Nimefunika la kulia. Mlango nauona, lakini kama mtu kautandika moshi. Sura ya Fundi naona kichwa, macho sioni. Haya, nimesema. Ilianza kabla ya msimu wa baridi. Sikusema kwa sababu jambo ukilisema linavuta kiti linakaa.

Sasa zamu yako. Umeniandikia kurasa mbili za damu na mstari mmoja wa kazi yako. "Kazi nyepesi, nafurahi." Toka lini wewe ukapenda chepesi? Ulipokuwa na miaka sita nilikupa ndoo ndogo ukalia unataka kubwa. Nani kakutoa kwenye kile chumba? Umegombana? Umekosea? Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeshaumbuka, wewe bado unajifunika.

Nimefikiri. Nitakuja. Kupofuka naogopa kuliko mashuka, maana nikipofuka nitamtegemea mjomba wako anipikie, na hicho ni kifo kirefu. Lakini sikiliza. Wewe ndiye uliyekuwa unachanganya, kwa hiyo unajua kilichofanya kazi. Mwite huyo aliyeshika nafasi yako, mnong'oneze, anitilie ile nzuri. Nani atajua? Mambo ya sindano kufanana ni ya wageni. Mimi nimekubeba mgongoni, kati yangu na wewe hakuna kufichana dawa.

Andika haraka. Nikikaa sana nitaghairi.

Bibi yako


Tarehe 20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Tuko wazima. Mtoto kaanza kusimama kwa kushika pazia, na pazia mbili zimeshaanguka.

Asante kwa kuniambia la jicho. Nimelia kidogo, usimwambie Fundi asome hapa. Najua amesoma. Basi.

Siwezi kukunong'onezea, na si kwa sababu ya ubishi. Ulinganisho wetu hauchukui mtu aliyepita miaka sitini. Hauchukui wenye mapigo ya polepole. Na karatasi ya tabibu wa zahanati, niliyoletewa, inasema moyo wako unapiga polepole tayari, hata kabla ya dawa. Kwa hiyo wewe uko nje kabisa, Bibi. Hakuna anayekulinganisha. Nilidhani utafurahi, halafu nikakaa nikaona hili ndilo linalonitisha. Tumepima watu wenye nguvu zao. Watu kama wewe tuliwaacha nje ya mlango, kwa kuwalinda, na sasa anakuja mmoja wenu na hatuna cha kumwambia zaidi ya kukisia.

Kwa wagonjwa walio nje ya ulinganisho, daktari wa pua huomba ile ya kwanza, ya kutuliza moyo. Anasema inamsafishia skrini. Mkuu wetu wa dawa za usingizi anasema moyo wa mzee hauhitaji kutulizwa zaidi. Ukipewa ya kwanza, daktari anaona vizuri na jicho lako liko salama zaidi, lakini moyo unaweza kwenda chini usirudi upesi. Ukipewa ya pili, moyo uko salama zaidi, lakini huenda damu ikamziba yeye akiwa kwenye ganda la yai. Wote wawili wamesema mgonjwa aulizwe. Nami nimeambiwa nikuulize.

Umeuliza nani kanitoa. Nimejitoa.

Alikuja fundi bomba, mtu wa mwili, mwenye mizaha. Aliniambia, "Dada, angalieni mifereji yangu vizuri, mimi ya watu naizibua kila siku." Mimi nikachanganya, nikapeleka ile sindano inayoingiza dawa taratibu kwenye mshipa, nikarudi pembeni, mlango wazi. Ile mashine hulia kila moyo unapopiga. Nilikuwa naosha mikono nikasikia mlio unachelewa. Ukachelewa tena. Nikawa nausubiri huku maji yanatiririka. Ndani wanaulizana ni nini, na hakuna anayejua kilichomo kwenye sindano isipokuwa mimi. Nilipiga kelele palepale, "Ni ya kwanza! Ifungeni!" Wakaifunga, wakampa ya kuamsha moyo, moyo ukarudi. Aliamka akauliza kama kuna chai.

Hakuna aliyenilaumu. Mkuu alinishika bega. Lakini kesho yake nilivuta dawa kwenye sindano mkono ukatetemeka mpaka nikavuta hewa tupu. Nikaomba nipelekwe kwenye chumba cha kuzindukia, kwa sababu pale mtu akifika ameshapona. Mpaka leo bomba likifunguliwa nyumbani, natega sikio.

Kwa hiyo usiniambie nikuchagulie, Bibi. Naogopa dawa zote mbili.

Nyenje


Tarehe 11 Mei

Nyenje wangu, nyenje wa usiku na mchana,

Tulivyo ni vilevile. Mchumba kapatikana, ni muuza mbao, mwanamke wa mikono mipana, anaongea kama anagombeza. Nimempenda. Mjomba wako kakonda kwa furaha au kwa hofu, sijapambanua.

Kwanza nina hasira. Kwa hiyo nimezeeka hata kwa kujaribiwa? Nilikuwa naogopa mtanilinganisha, kumbe hata foleni hamnitaki! Nilimwambia Fundi, kijana akiumwa ana utafiti, mzee akiumwa ana pole. Mwambie mkuu wenu hivyo hivyo. Na mwambie mkimaliza na hao vijana mje na kwetu, tupo wengi, na hatuna haraka ya kwenda popote.

Pili ni habari ya fundi bomba. Sikuwahi kukusimulia hili. Kule dobi tulikuwa na mashine kubwa ya kukamua mashuka. Siku moja ilimnasa mwenzangu kwenye mkono wa gauni, ikawa inamvuta. Mimi nikaruka nikaizima. Mkono wake ulitoka mzima, hata mkwaruzo hakuna, akacheka, akaenda kula. Mimi kesho yake sikuweza kuisogelea ile mashine. Nikafua kwa mikono, shuka za wodi nzima, wenzangu wananiita Bi Mkamuo. Mkono ulikuwa wake na maumivu nikabaki nayo mimi. Msimamizi hakunifukuza, alikuja akasimama kando yangu karibu na mashine, anakula karanga. Siku nyingine tena. Mpaka nikachoka kumwona anakula, nikawasha.

Huyo mtu wako alirudi, Nyenje. Alirudi kwa kelele zako. Kelele ulizokuwa unanipigia ukiwa mchanga nisilale, leo zimemrudisha baba wa watu kwa wanawe. Mimi nikikukumbatia kwa barua nitaichana karatasi, basi jikumbatie mwenyewe kwa niaba yangu, na kwa nguvu.

Tatu, ninyi mmeniuliza, najibu. Nataka ya pili. Moyo huu umezika mume na watoto wawili na bado unatembea. Ukitembea polepole una haki. Msiuguse. Na daktari wa pua mwambie maneno yangu kama yalivyo, usiyapake mafuta: asipoona, aache. Asijikaze. Asiseme "kidogo tu namaliza". Mwanamume akisema kidogo tu namaliza, ujue kuna kitu kitavunjika. Kazi nusu nitamsamehe. Jicho lililotobolewa kwa sababu ya kumaliza kazi, sitamsamehe, nitamjia ndotoni.

Nne. Uwemo humo ndani. Sitaki unishike mkono. Nikilala sitaujua mkono wa nani. Nataka mtu mmoja chumba kile anayejua mimi ni nani, wa kusema hayo maneno wakati mimi siwezi. Najua nakuomba urudi mahali ulipokimbia. Najua. Ningekuwa na mwingine ningemwomba mwingine.

Naogopa. Fundi, andika naogopa. Ameuliza, aandike kwa herufi kubwa? Nimemwambia aandike kwa kawaida, ni hofu ya kawaida. Ninaamka nao, huo woga, tunanawa uso pamoja. Nakula, unakula. Jana nilikunja nguo zangu zote vizuri, nikazipanga, halafu nikashtuka kwa nini napanga, nikazivuruga tena.

Mjomba wako atanileta mwezi ujao. Nitakuja nimenuna, usijali, ni woga.

Bibi yako


Tarehe 3 Julai

Bibi,

Shikamoo. Natumaini safari ya kurudi haikukutikisa, na kwamba unalala kwa kuinua kichwa kama tulivyokuonyesha, na hupengi pua. Bibi, usipenge. Nakujua.

Ulipokuwa hapa kitandani sikuweza kukuambia. Ulikuwa umefungwa pamba puani, unaongea kama uko ndani ya mtungi, unaniambia nimekonda, na mimi nikawa nacheka tu. Uliniuliza, "Wameniacha na kipande kwa nini?" nikakujibu daktari atakueleza. Daktari alikueleza kwamba damu ilizidi. Ni kweli. Lakini si yote.

Mkuu alikubali niingie, si kama mfanyakazi, kama ndugu tu. Nilisimama nyuma ya kichwa chako, mikono mfukoni. Ulipewa ya pili kama ulivyotaka. Walianza upande wa kushoto, wa jicho. Mwanzo ulikwenda vizuri sana. Niliviona hivyo vinyama kwenye skrini, vinatoka kimoja kimoja, na nyuma yake pakawa na nafasi, pekundu pazuri kama mdomo wa mtoto. Nikaanza kupumua.

Karibu na ule ukuta wa jicho, damu ikaanza. Haikuwa nyingi. Anafyonza, skrini inasafika, anasogea, inajaa. Anafyonza, inajaa. Kilibaki kipande kimoja kimeshikilia ukuta. Akasema bila kugeuka, "Nitulizieni moyo kidogo tu, nimalize." Sindano ya ile dawa ya kwanza ilikuwa imewekwa tayari mezani. Mkuu akaitazama mashine, moyo wako unapiga kwa kujivuta, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Daktari akasema, "Bila hiyo sioni."

Bibi, mimi nilisikia mlio unachelewa. Mpaka leo sijui kama ulichelewa kweli au ni masikio yangu ya fundi bomba. Hiyo ndiyo inayonila. Mdomo wangu ukafunguka, nikasema, "Asipoona, aache. Ndivyo alivyosema mgonjwa."

Daktari akauliza, "Nani anaongea?"

Nikasema, "Mjukuu wake."

Mkuu akasema, "Mgonjwa ameshasema. Tuache." Wakaweka pamba, wakakuamsha. Upande wa kulia haukuguswa kabisa.

Baadaye daktari alinikuta kwenye korido anavua kofia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kile kipande kinaweza kukua tena kikalisukuma jicho. Siku hiyo utamjibu wewe." Tangu hapo nayatafuna maneno hayo. Ungepewa kidogo tu, pengine ungekuwa umemaliza yote leo. Pengine usingekuwepo. Hakuna wa kuniambia. Ningependa kuomba radhi lakini sijui naombea lipi.

Wanasema urudi Oktoba, wamalizie kushoto na wafanye kulia.

Niambie jicho linaona nini. Niambie ukweli hata kama ni mbaya.

Nyenje


Tarehe 19 Julai

Nyenje,

Tumefika salama, tunalala salama. Mjomba wako kanibeba kutoka stendi hadi mlangoni kama gunia, mbele ya muuza mbao wake, ili aonekane ana nguvu. Kaumwa mgongo siku mbili. Harusi ni baada ya mavuno, mkae mkijua.

Nilipenga mara moja. Nimekiri, tuendelee.

Jicho unaloliulizia linaona. Si kama la kulia, lakini ule moshi umepungua, umebaki kama ukungu wa kwenye kioo mtu akipumulia. Sasa hivi nimemtazama Fundi hapa anapokaa, nikamwambia, "Mbona umezeeka hivi?" Akatupa kalamu. Kaiokota, anaandika kwa hasira, samahani kwa mwandiko. Pua ya kushoto inavuta hewa, inapiga mluzi nikilala. Ya kulia bado imekufa. Kwa hiyo mimi sasa ni nyumba yenye dirisha moja wazi na jingine limepigiliwa misumari.

Na nitakuambia kitu ambacho daktari hakukuambia. Asubuhi naweka kiganja juu ya jicho zima, naangalia kwa lile jingine, kuona kama moshi unarudi. Kila asubuhi. Siku nyingine naona umerudi, moyo unaruka, halafu jua likipanda naona haujarudi. Nimemwambia Fundi asikuandikie hili, halafu nikamwambia aandike. Tulishaamua kutofichana.

Sasa nisikilize vizuri, kaa kitako.

Unanitafutia la kuniomba radhi, halipo. Mlio ulichelewa au haukuchelewa, mimi sijui, wewe hujui, daktari hajui. Mimi sikukutuma ukasikilize mlio. Nilikutuma useme maneno yangu, na ukayasema, mbele ya mwanamume mwenye kisu mkononi, katika chumba kinachokutetemesha. Kama kipande kitakua, kimekua kwa neno langu mimi, mzee mwenye akili zake timamu, aliyeulizwa akajibu. Huyo daktari akikukuta tena kwenye korido, mwambie bibi kasema: jicho ni langu, na jibu ni langu, aje anidai mimi. Wewe usimjibu chochote. Mpite kwa heshima, umwamkie.

Na mkono wako? Hukuniambia habari ya mkono. Umerudi kuchanganya, au bado unapokea waliokwisha pona? Sikulazimishi. Nauliza tu kama yule msimamizi wangu, na karanga zangu mdomoni.

Oktoba. Nimekaa nayo hiyo Oktoba. Mara ya kwanza nilijitia moyo kwamba sijui kitu, labda si vibaya kama ninavyofikiri. Sasa najua ile taa ya juu inavyokuja usoni, najua kile kibaridi kinavyopanda kwenye mshipa, najua mtu anakuambia "vuta pumzi" na hapo hapo hupo tena. Najua naweza kuamka kazi ikiwa nusu. Kwa hiyo hofu ya sasa ni kubwa kuliko ile, Nyenje, usidanganywe na mtu kwamba ya pili ni rahisi. Jana muuza mbao aliniuliza nitavaa nini siku ya harusi, nikamjibu nitavaa kama nipo, na mjomba wako akatoka nje.

Nilitaka kukuandikia kwamba sitakuja. Fundi alishaandika, "Bibi anasema hatakuja." Nikamwambia afute. Akasema kalamu ya wino haifutiki, achane karatasi. Nikamwambia achane.

Weka tarehe. Mwambie mkuu wenu dawa ni ileile, na sharti ni lilelile, na wewe ndani. Mjomba wako namkataza kunibeba. Nitapanda gari asubuhi, nitakaa dirishani, na kuogopa nitaogopa nikiwa njiani.

Bibi yako